Samli Kwenye Msumeno

Binti yangu Lydia aliniomba jambo moja tu kabla ya harusi yake: nisimtukane baba mkwe wake. Aliniomba kwa upole, akaniomba kwa machozi, mwishowe akamtuma hadi katekista aje kunisihi. Mdomo wangu anaujua. Mtaa wetu wote wa Izia unaujua. Watu huniletea mageti na madirisha yao kwa sababu mimi Adela nikishika chuma kinanyooka, lakini wakishayashusha husimama mbali kidogo.

Basi nikajifunga mdomo. Tangu siku ya posa, kila mzee Masunga alipopanda kutoka Milepa, kule bondeni, kuja kututembelea, alinikuta mtamu kama chai ya sikukuu. Akisema baridi yetu ya huku juu hata ng'ombe angeikataa, nacheka. Akisema mahindi yetu ni membamba, nacheka, na taya zinaniuma. Ajabu ni kwamba kadiri nilivyocheka ndivyo alivyozidi kuwa mkimya, akinitazama kama mtu anayekagua dume mnadani. Wiki ya harusi tukasikia kuwa anasita. Eti huenda ataomba tusogeze mbele mpaka baada ya mavuno. Lydia akaacha kula.

Alhamisi asubuhi mzee akaja mwenyewe, shuka zito begani, na nondo nene ya chuma juu ya bodaboda. Ekseli ya mkokoteni wake ilikuwa imepinda kwenye mteremko, naye alitaka nimkatie nyingine.

"Bibi harusi wa kwangu habebwi na bodaboda, mkwe," alisema. "Kama harusi ipo, atatoka kanisani kwa ng'ombe wangu."

Hilo "kama" lilinichoma, lakini nikatabasamu. Nikamwacha karakanani akiangalia msumeno wangu wa mkanda, ule nilioununua mkuukuu ukavuka mpaka wa Kasesya juu ya lori, nikaenda ndani kumsaidia Lydia kuleta chai.

Tuliporudi, tukanywa. Kisha nikafunga nondo kwenye jiriwa, nikaikaza, nikavaa miwani na kuwasha. Bledi, ule mkanda wenye meno, ikazunguka kidogo, ikapiga kelele ndani ya kifuniko, ikachomoka. Nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikafungua kifuniko. Magurudumu yote mawili yanayozungusha bledi yalikuwa yanang'aa. Yalinukia maziwa.

"Nimeyapaka samli," alisema mzee Masunga kwa fahari, akinionyesha chupa yake. "Yalikuwa makavu kabisa, mkwe! Gurudumu halizunguki hivyo. La mkokoteni wangu nalipaka kila safari."

Lydia alinitazama. Sijawahi kuona macho yanayoomba namna ile. Maneno yalinijaa mdomoni, yote makali, nikayameza moja moja.

"Asante, mkwe," nikasema. "Ila haya yanatakiwa kuwa makavu. Bledi inashikiliwa na ukavu huo huo. Grisi inawekwa kwenye beringi tu, huku ndani."

Tukayasugua kwa maji moto na sabuni ya unga, tukayakausha kwa matambara. Nikavaa glavu, maana bledi iliyolegea hufyatuka na kuuma, nikairudisha mahali pake, meno yakielekea upande wa kukata. Nikaikaza, nikazungusha gurudumu kwa mkono nione kama inatulia. Ilipotulia nikafunga kifuniko, nikavua glavu. Mzee akauliza kwa nini nazivua sasa, wakati hatari ndiyo inaanza. Nikamjibu kwa sauti ya asali kwamba mashine ikizunguka, glavu ikinaswa inakwenda na mkono. Akaitikia kwa kichwa. Nikadhani ameelewa.

Nikarudisha waya ukutani, nikawasha. Msumeno ukaanza kushuka taratibu juu ya nondo, maji ya kupozea yakichuruzika, na sauti ikawa ile nzuri ya chuma kinachokubali. Napenda sauti ile kuliko kinanda. Kipande kilipokaribia kukatika, kikaanza kuinama. Mzee Masunga akakiona kinataka kuanguka, na mtu aliyezoea kupokea ndama hawezi kuacha kitu kianguke. Akainama, akanyoosha mkono, na ncha ya shuka ikamtangulia kuelekea kwenye bledi.

"Toa mkono, mzee kichwa maji wewe!" nilipiga ukelele. "Unataka kwenda harusini na kigutu?"

Nilikuwa nimeshapiga swichi nyekundu kwa ngumi. Bledi ikasimama, pindo la shuka likiwa limenaswa kwenye meno. Mkono ulikuwa salama, vidole vyote. Lydia alikaa chini palepale kwenye chenga za chuma, akafunika uso. Nilijua nimeivunja harusi ya mwanangu. Pia nilijua kwamba ningepiga kelele ileile tena.

Mzee akalivuta shuka, likachanika. Akavitazama vidole vyake, akanitazama mimi.

"Umeniitaje?"

"Kichwa maji," nikasema. Ningesema nini kingine?

Akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameshika magoti, akacheka mpaka akakohoa.

"Miezi yote hii unanichekea tu! Nimeitukana baridi yenu, unacheka. Nimeyatukana mahindi, unacheka. Nikamwambia mke wangu, yule mama anaficha kitu, labda binti ana ugonjwa. Leo nilikuja kusema tusubiri." Akapangusa macho kwa shuka lililochanika. "Kumbe ulichokuwa unaficha ni mdomo!"

Lydia alinyanyuka, akanikumbatia kwa nguvu, mikono yake imejaa chenga. Nililia, na sioni aibu kusema hivyo.

"Kama umemaliza kucheka," nikamwambia mzee, "vua hilo shuka na usimame kule nyuma. Ncha ya pili haijakatwa."

Alilivua. Akasimama pale nilipomwonyesha, akitetemeka kwa baridi ndani ya shati lake, mikono nyuma.

"Jumamosi utapanda mkokoteni, mbele, pamoja na mke wangu," akasema. "Ananigombeza peke yake miaka yote, maskini, na amechoka."