Sindano ya Mkono wa Kulia

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na huyu wetu alikuwa na sababu zake. Zamani alinyolewa na pacha wake, naye akamnyoa pacha wake, humo humo dukani. Tangu mwenzake afe ughaibuni, ndevu aliziachia. Bila ndevu, marehemu angemkodolea macho kutoka kiooni kutwa nzima, na mtu ana kazi ya kufanya. Lakini macho hayaoti ndevu, na marehemu aliendelea kumtazama kwa hayo hayo. Kinyozi alimwogopa.

Siku hiyo alikuwa akimnyoa mteja. Nyuma yake, kwenye benchi, walikaa binti yake na binti wa marehemu, wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Huyu wa marehemu, ambaye kinyozi alimlea tangu ananyonya, alikuwa amepata kazi nchi ile ile alikofia baba yake. Kesho yake alitakiwa kuchanjwa homa ya manjano, na sindano aliiogopa kuliko simba.

"Nitaingia mimi," binti wa kinyozi alinong'ona. "Nani atatujua? Wewe kunywa soda nje, mimi nichomwe."

"Na mkono ukivimba?"

"Si utavimba wangu? Wewe unaumia nini?"

Wakacheka.

Wembe ulisimama shingoni mwa mteja. Mkono wa kulia wa kinyozi ukaanza kuuma, juu karibu na bega. Kiooni, macho yaliacha kumtazama yeye, yakawatazama wasichana.

"Samahani, mzee," alimwambia mteja, akaweka wembe chini na kugeuka.

"Mkono huu wa kushoto nilichomwa sindano yangu," alimwambia mtoto wa nduguye. "Huu wa kulia, nilichomwa ya baba yako. Aliogopa kama wewe. Nikavaa shati lake, nikaingia mara ya pili, kadi ikatoka na jina lake. Tulicheka njia nzima."

"Baba mdogo, si mlisema alikufa kwa homa tu?"

"Ndiyo homa hiyo. Kinga yake ninayo mimi mpaka leo. Yeye alirudi kwenye jeneza."

Hakuna aliyecheka tena. Mteja, povu limemkaukia shavuni, alitazama sakafu.

Kesho yake kinyozi aliingia na mtoto wa nduguye mpaka ndani ya chumba cha chanjo, hataki masihara. Msichana akafumba macho, akatoa mkono wa kulia. Muuguzi alipomaliza, aliwaambia wakae kidogo kwenye benchi la nje. Walikaa, kila mmoja ameshika bega lake.

"Na wako unauma?" msichana aliuliza.

"Unauma."

Waliporudi dukani, kinyozi alikaa kwenye kiti cha wateja, akampa mashine. "Ninyoe. Zote."

Msichana hakuwahi kumwona bila ndevu. Alinyoa polepole, kidevu kikatokea, kisha mashavu, mpaka uso mzima ukawa wazi mbele ya kioo. Msichana akazima mashine. Alikitazama kioo kwa muda mrefu, na kinyozi, machozi yakimlenga, safari hii hakuyakwepa macho yale.

"Kumbe baba angekuwa hivi," msichana alisema.