Sahani Dirishani

Supu ya kamba ilikuwa imeshaanza kufanya utando. Mpishi aliiona kutoka pale aliposimama, mwiko mkononi. Alikuwa ameiepua ikiwa inatokota, akaimimina bakulini, akaweka kipande cha ndimu pembeni, akaisukuma kwenye dirisha dogo linalotenganisha jiko na ukumbi. Kazi yake huishia hapo. Kuanzia hapo ni kazi ya wifi yake, na wifi yake alikuwa ukumbini, amelipa dirisha kisogo, anafuta meza ambayo tayari ilikuwa inang'aa.

"Macho anayo," mpishi alijisemea. "Miguu anayo. Basi ni roho tu."

Mambo yalikuwa hivyo tangu walipofungua tena mgahawa baada ya matanga ya mume wa mpishi, kaka yake wifi. Mtaa mzima ulikubali kwamba hakuna anayemjua samaki kama mpishi yule. Ngisi wake walikuwa laini bila kulegea, pweza wake hawakumtafunisha mtu mpaka taya zikauma, na samaki wake wa kuchoma ngozi ilikuwa kavu na nyama ndani bado ina maji yake. Tabu ilikuwa kuvipata vyakula hivyo. Ungeagiza, ukae, utazame barabara, utazame kucha zako, na ukimwita mhudumu angekujibu "Subiri kidogo" bila hata kugeuka. Wateja nao hawana dogo. Walishambatiza Bi Subiri, na wengine walisema jina hilo kwa sauti ya kutosha kusikika jikoni.

Hatimaye wifi aligeuka, akalijia dirisha kwa ubavu, macho yameangalia sakafu, akachukua bakuli na kulipeleka meza ya karibu na mlango. Pale alikaa fundi saa, rafiki wa marehemu, ambaye kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara. Mpishi alimwona anaonja. Akamwona anaonja tena, anaweka kijiko chini, anainuka. Muda si muda kichwa chake kikachungulia mlango wa jiko.

"Hodi, shemeji."

"Karibu. Kumepungua chumvi?"

"Chumvi ipo. Supu yako tamu, hilo nitalisema mbele ya mtu yeyote."

"Ila?"

"Ila imepoa, shemeji." Alivua miwani yake minene, akaitazama. "Zamani nikiinamia bakuli lako miwani inajaa mvuke, nakula kama kipofu. Leo nimewaona kamba wote, mmoja mmoja, mpaka na ndevu zao."

Mpishi angecheka, lakini kicheko hakikuja. "Umemwambia aliyekuletea?"

"Nimemwambia. Kasema nisubiri kidogo." Fundi saa alitabasamu, kisha tabasamu likamwishia. "Nisikufiche. Nimeanza kula mgahawa wa pale kwenye kona. Samaki wao kama kandambili, lakini wanakuja wa moto, na mtu anakuchekea. Mimi ni mtu mzima, shemeji, nikila peke yangu napenda angalau nionekane nipo. Saa yenu ya ukutani imeshapona. Nitaileta jioni, nisije nikabaki na kitu cha watu."

Alipokwenda zake, mpishi alielewa kwamba ameagwa. Ikamuuma, kwa sababu yule hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa ameketi meza ile ile tangu mgahawa una viti vya kuazima.

Simu yake ilikuwa rafuni, karibu na kopo la chumvi. Ndani yake mlikuwa na namba ya meneja wa hoteli kubwa ya wageni, mtu aliyekuja siku moja, akala, akasubiri, akala tena, kisha akapita mlango wa nyuma kuuliza ni nani aliyempika pweza yule. Alikuwa anatafuta mkuu wa jiko. Jiko pana, wasaidizi, wahudumu wanaokimbia. Mpishi alimwahidi kumpa jibu leo kabla jua halijazama. Wifi hakuwa na habari. Na akiondoka yeye, mgahawa unafungwa, maana wifi hata yai humshinda.

Kumwambia ndiko kulikomshinda. Wale wawili hawakuwahi kugombana, hilo ndilo la ajabu. Kwa miaka yote marehemu alikuwa ameketi kwenye stuli yake pale dirishani, taulo begani, na maneno yote yalipita kwake. Wifi akisema, "Mwambie aharakishe, watu wamekasirika," marehemu aligeuka na kusema, "Wifi yako anakuomba, kama hutajali." Mpishi akijibu, "Kama ana haraka aje apike yeye," kwa dada mtu yalifika kama, "Anasema anakuja nayo sasa hivi." Waliishi vizuri sana, na kumbe amani yao yote ilikuwa mdomoni mwa mtu mmoja. Alipozikwa, kila mmoja alibaki upande wake wa dirisha bila kujua pa kuanzia.

Na sahani ikiwa tayari, marehemu alikuwa na wito wake. "Huyo, wa moto!" Awe samaki, iwe supu, hata kisahani cha ndimu tupu. Kwake kila kilichotoka jikoni kilikuwa mtu anayekwenda kuwasalimia wageni. Dada yake akisikia tu, huyo, mbio.

Mchana ulipopoa na ukumbi kubaki mtupu, mpishi alichoma samaki mmoja, mdogo, wa kiasi cha sahani. Alimpaka mafuta na kitunguu saumu, akamgeuza mara moja tu, akamweka dirishani. Kisha akavua aproni, akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka jengo, akaingia kwa mbele kama mteja. Alitaka aone kwa macho yake huyu mwanamke hufanya nini wakati chakula kinapoa. Akishaona, aliwaza, hata kumuaga kutakuwa rahisi.

Wifi alikuwa anakunja vitambaa vya meza, ameelekea barabarani. "Karibu," alisema, kisha akatazama vizuri. "Wifi? Kuna nini?"

"Nimekuja kula."

"Kula?"

"Kwani hapa si mgahawani?" Mpishi alivuta kiti, akakaa.

Wifi alimtazama kama anayepima homa. "Unakula nini?"

"Samaki wa kuchoma."

"Sijui kama mpishi yupo."

"Sasa hivi alikuwepo."

Mdomo wa wifi ulicheza kidogo. Akaenda mpaka mlango wa jiko, akaingiza kichwa, akaliambia jiko tupu, "Samaki wa kuchoma mmoja," kama anavyofanya kila siku, akarudi kwenye vitambaa vyake. Dirisha akalipa kisogo.

Mpishi akakaa. Alikuwa amepika mle ndani miaka na miaka, na hakuwahi kuketi upande huu chakula kikiwa tayari. Kutoka jikoni dirisha ni shimo la kutazamia watu. Kutoka hapa lilikuwa fremu, yenye mwanga wa jiko nyuma yake, na ndani ya fremu hamkuwa na mtu. Ncha ya stuli ilionekana. Taulo lilikuwa bado limening'inia kwenye msumari, likiwa na mkunjo ule ule wa bega. Chini yake samaki alikuwa anatoa moshi, halafu moshi ukapungua, halafu hakuna. Kwa ndani taulo lile huwa nyuma ya mlango wa dirisha, hulioni.

"Wifi," alisema. "Samaki yuko pale."

"Najua."

"Unajua?"

"Harufu si naisikia."

"Sasa mbona humchukui?"

Wifi alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Sijaitwa," alisema.

"Nani wa kukuita?"

Swali lilitoka kwa ukali kuliko alivyotaka, na likabaki pale kati ya meza. Wifi aliketi kwenye kiti cha karibu, taratibu.

"Nikigeuka naona hayupo," alisema. "Kila sahani, naona upya kwamba hayupo. Nikiwa nimempa kisogo angalau naweza kusubiri. Nasikiliza. Nikichoka kusikiliza ndiyo naenda. Najua chakula kinapoa, wifi. Najua na wananiitaje. Wakiniita nashindwa hata kuwajibu vizuri, maana wananikatisha."

"Mimi nilidhani unanikomoa."

"Nikukomoe kwa lipi? Mimi ndiye niliyedhani umenichoka. Unaweka sahani kimya, huniiti, kama unamwekea paka."

Mpishi alicheka, na machozi yakatoka hapo hapo, mambo mawili kwa pamoja. Akayafuta kwa kitambaa kilichokunjwa vizuri. "Siku ile tuliyofungua nilijaribu," alisema. "Niliweka sahani, nikafungua mdomo. Sauti ikagoma. Neno lenyewe lilikuwa lake. Niliona kama naiba nguo za maiti. Nikasema, si atageuka mwenyewe, macho anayo."

Kisha mpishi akamweleza habari za hoteli, yote, pamoja na jiko pana na wahudumu wanaokimbia. Wifi alisikiliza bila kukunja kitu.

"Nenda," alisema.

"Na wewe?"

"Mimi nitajua. Hukuolewa na sufuria, wifi. Usibaki kwa kunihurumia, nitakuja kukuchukia." Alivuta pumzi. "Ila usingeniambia, ningekuchukia zaidi."

Aliinuka. Alifika dirishani kwa ubavu kama kawaida yake, akamleta yule samaki, na wakamla kwa vidole kutoka sahani moja. Alikuwa wa baridi kabisa. Wifi alinyonya mfupa, akautazama.

"Hivi alivyo tu mtamu."

"Angekuwa wa moto je?"

"Hee! Watu wangeng'ata na sahani."

Walikuwa bado wananawa mikono fundi saa alipotokea mlangoni na saa ya ukutani kwapani, amesimama nusu ndani nusu nje.

"Nimeleta tu. Inatembea vizuri."

Wifi alimpokea saa. "Kaa."

"Sikuja kula, dada."

"Nani kakuuliza? Nimesema kaa."

Fundi saa alimtazama kwa mshangao. Siku nyingi hakuwa amesemeshwa uso kwa uso mle ndani. Akakaa meza yake, kofia magotini, tayari kuinuka.

Mpishi alirudi jikoni kwa mlango wa nyuma, akafunga aproni. Kamba waliobaki aliwatosa kwenye sufuria na tangawizi na pilipili manga, akaacha mchuzi uchemke mpaka mfuniko ukacheza. Nje mwanga ulikuwa unageuka manjano. Simu ikaita rafuni, akaangalia jina la meneja, akaiacha iite. Mikono yake ilikuwa na kazi. Akamimina, akakata ndimu, akaliweka bakuli dirishani.

Ukumbini wifi alikuwa anafuta meza ya kati, kisogo kimeelekea jikoni. Lakini kitambaa kilikuwa hakiendi. Kilikuwa kimetulia juu ya meza, chini ya mkono uliotulia.

Mpishi alifungua mdomo. "Huyo," alisema, na sauti ikakwama kama mlango uliovimba. Aliutazama ule mgongo mwembamba uliokuwa ukisubiri siku zote hizi. Akaweka kiganja juu ya stuli.

"Huyo, wa moto!"

Ilitoka kubwa mno, ya kikekike, isiyofanana na ya marehemu hata kidogo. Fundi saa aliruka kitini na kofia ikaanguka. Wifi aligeuka. Alilitazama dirisha lote, taulo, stuli, na mwanamke aliyesimama katikati yake mwenye jasho usoni. Kisha akaja, mbio, moja kwa moja.

"Nimesikia," alisema, akachukua bakuli kwa mikono miwili.

Aliliweka mbele ya fundi saa. Fundi saa akainama, na miwani yote ikawa nyeupe. Hakuivua wala hakuifuta. Alibaki vilevile, uso ndani ya mvuke, mkono ukipapasa meza kutafuta kijiko, mpaka wifi akakiokota na kumtilia kiganjani.