Pamba ya Shemeji Pastory

Katika Kilosa yote hakuna mwanamke wa rika langu aliyewahi kuchungulia hadubini isipokuwa mimi. Nilichokiona humo ni kope zangu mwenyewe, tena chache.

Aliyenifikisha huko ni shemeji Pastory, mdogo wa marehemu mume wangu. Mambo yalipokuwa ruksa na mitumba kujaa sokoni, alinunua koti la sufi akalivaa kwenye jua letu hili, anatokota humo ndani kama maharage. Chini ya mkono wa koti alificha baka jeupe. Eti moto wa miwa ulimuunguza kule Ruaha.

Alikuwa anamtaka Costancia, mjane mwenye mgahawa Mikumi, pale mabasi yanaposimama. Costancia akamwambia mbele yangu: "Kapime. Kama ni ukoma, dawa zipo, na mimi nitakupikia. Lakini marehemu alinidanganya mpaka siku anakata roho. Mwongo wa pili simfulii shuka."

Basi akapima. Muuguzi alimfumbisha macho, akamgusa bakani kwa pamba, naye akaonyesha kwa kidole kila alipoguswa. Muuguzi akachanganyikiwa: baka ni la ukoma kabisa, na la ukoma huwa na ganzi, lakini hili linasikia! Wakamkata kinyama cha ngozi kikapimwe.

Siku ya majibu tulikwenda watatu. Loveth, binti wa maabara, alinipa shikamoo yangu, kisha akaniachia kiti chake mbele ya hadubini.

"Mbona naona nyasi?"

"Kope zako hizo, bibi. Ngoja nikueleze tu."

Akasema kuna mwili unaowakaribisha wadudu wa ukoma, wakajazana ndani ya seli mpaka zikavimba kama povu la sabuni. Na kuna mwili unaopigana. Humo wadudu huwaoni, ila seli zimejikusanya mafungu mafungu kuuzunguka mshipa wa fahamu, zikautafuna pamoja na adui.

"Kama sungusungu," nikasema. "Wanamfukuza mwizi wa kuku, wanabomoa nyumba ya mwenye kuku."

"Hivyo hivyo, bibi. Mzee Pastory ni wa sungusungu. Anywe vidonge miezi sita, atapona. Ila mshipa wa hapo bakani umekwisha. Hata umchome sindano, hasikii."

Pastory akamshukuru Mungu kwa sauti. Costancia hakushukuru.

"Sasa ile pamba uliisikiaje?"

"Mimi damu yangu kali, Costancia."

"Haya, vua koti."

Akamfunga macho kwa khanga yake, akakaza fundo mpaka shemeji akaguna. Loveth akanipa kipande cha pamba.

"Dada, mguse," Costancia akaniambia.

Nikaitazama ile pamba. Safi, laini, ya serikali. Nikaichomeka sikioni, nikajikuna taratibu.

"Unasikia?" Costancia akauliza.

"Nasikia sana!" Pastory akapeleka kidole katikati ya baka. "Hapa! Tena inatekenya!"

Costancia akamfungua khanga. Pamba ilikuwa bado sikioni mwangu.