Baraka ya Ng'ombe Mwenye Mimba

Pale Mbulumbulu, Wilibrodi alikuwa na mimba mbili nyumbani kwake, moja ya kutangaza na moja ya kuficha. Ya kutangaza ilikuwa ya Malkia, ng'ombe wake wa maziwa. Ndama alikuwa hajazaliwa, lakini Wilibrodi alishasimama kanisani akamtoa kwa Mungu, shingo imemnyooka kama twiga anayepigwa picha. Ya kuficha ilikuwa ya Martha, bintiye, aliyopewa na dereva wa watalii wa Karatu mjini ambaye siku hizi simu yake haipatikani.

Hyasinta, mama mtu, aliyaona matumbo yote mawili yakikua. Malkia alikatiwa majani mabichi, akawekewa chumvi, akanyweshwa maji ya uvuguvugu asubuhi za baridi. Martha alihamishiwa jiko la nje, akaambiwa wageni wakija asikohoe. Wilibrodi alikuwa anautaka uenyekiti wa jumuiya ya kanisa, na hakutaka mkosi. Alishapanga kwamba padri akishambariki ng'ombe, binti apelekwe Oldeani kwa shangazi yake, akazalie huko, na mtoto abaki hukohuko.

"Baba Martha," Hyasinta alimwuliza siku moja akichambua maharage, "huyo ndama Mungu anamjua?"

"Anamjua tangu tumboni."

"Na huku jikoni hajafika?"

Wilibrodi alichukua koti lake, akaenda kuangalia ngano.

Siku ya jumuiya padri alifika, buti zimejaa matope. Uani palijaa watu. Wilibrodi akamtoa Malkia, pembe zimefungwa utepe mwekundu. Sasa Malkia hakuwa amesoma katekisimu. Alipoona kanzu nyeupe alirusha teke, maji ya baraka karibu yote yakamwagika. Wilibrodi akavuta kamba, Malkia naye akamvuta Wilibrodi, akamzungusha uani na suti yake ya Krismasi mpaka waimbaji wakasahau ubeti.

Kila mtu pale alijua kwamba ng'ombe yule hutulia kwa mtu mmoja tu, yule anayemkamua. Hyasinta alijitia kutafuta uzi uliofumuka kwenye kitenge chake. Akamwacha mumewe azunguke tena kidogo.

"Mwite," Wilibrodi alinong'ona alipompitia karibu.

"Nimwite nani? Jikoni si hakuna mtu?"

"Mama Martha, mwite."

Martha akatoka, tumbo mbele. Akashika kamba, akamkuna Malkia chini ya shingo, na ng'ombe akatulia. Mimba mbili zikasimama bega kwa bega. Padri akasoma pale Mungu anapomwambia nabii kwamba alimjua kabla hajamfinyanga tumboni, na kazi yake alishampangia. Mkono ulikuwa umeshanyanyuka. Padri akamtazama ng'ombe, akamtazama Martha, mkono ukatua kichwani mwa Martha. Malkia alipata matone yaliyobaki.

Kisha padri akauliza mtoto huyu anatarajiwa lini, maana angependa kumbatiza hapahapa. Jumuiya nzima ikamgeukia Wilibrodi. Akakohoa, akajifuta samadi shavuni.

"Mungu ana makusudi yake, Padri."

"Amina," Hyasinta akajibu haraka, kabla mumewe hajabadilisha kauli.

Jioni walirudisha godoro la Martha chumbani, Wilibrodi akibeba upande mmoja. Oldeani haikutajwa tena. Mlangoni godoro likamponyoka.

"Shika vizuri, Baba Martha," Hyasinta alimwambia. "Hilo analalia mtu anayejulikana."