Bunduki Inayotaka Bega la Mtu

Kaka yangu alipoteza jicho la kulia akiwa anacheka. Naanza na hilo kwa sababu wapo watakaosema alionewa tu, na mimi mwenyewe nililisema mbele ya geti mpaka koo likakauka. Alionewa, ndiyo. Lakini alikuwa anacheka, na hilo sijui nilipeleke wapi.

Karakana tuliyofanyia kazi ilitengeneza bunduki za matajiri wanaopenda kuwinda. Si zile nyepesi za kufukuza nyani shambani. Kubwa, za mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, za kuangusha mnyama mzito kwa pigo moja, na teke lake linamkalisha chini mtu mzima akisimama vibaya. Mbele kulikuwa na chumba cha wateja: zulia, viti vya ngozi, kabati za vioo. Ukipita mlango wa chuma ulitukuta sisi na tupa zetu, msasa, moshi wa lehemu, na feni moja iliyozunguka ikijisikia. Nyuma yetu kulikuwa na uwanja mrefu ulioishia kwenye tuta la udongo. Huko uwanjani ndiko kaka alikopatia jina la Bega.

Niieleze kazi yenyewe, maana ubishi wetu wote ulitoka hapo. Mitutu miwili ikiunganishwa haikubali kupiga mahali pamoja. Mmoja unavutia huku, mwingine kule. Kwa hiyo fundi anafyatua wa kulia, kisha wa kushoto, anakwenda kuangalia matundu kwenye karatasi, anarudi, anapasha moto lehemu iliyoshika mitutu kule mdomoni, anasogeza kabari ya chuma kiasi cha unywele, anaacha ipoe, anafyatua tena. Hivyo hivyo siku nzima, wiki nzima. Na lazima aiweke begani mwake mwenyewe. Ukiibana kwenye jiriwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, bunduki hairuki kama inavyoruka mikononi mwa mtu, na risasi zinakwenda zinakotaka. Inataka mwili unaorudi nyuma. Tajiri anadhani amenunua chuma na mbao. Amenunua na bega la fundi, lililopigwa mpaka mitutu ikapatana.

Kaka aliifanya kazi hiyo tangu ndevu zake hazijakomaa. Jioni shemeji, mke wake, alimkanda kwa maji ya moto, na bega lenyewe rangi ya bilinganya.

"Leo amekubusu yupi?" shemeji alimtania.

"Yule mnene. Punguza sauti, mke mwenzio ana wivu."

"Mwambie aje afue na mashati basi."

Wakicheka wote wawili, mimi nilikuwa nakasirika. Ndivyo nilivyo. Wenzangu karakanani waliniita Redio kwa sababu sizimiki. Nilikuwa msuguaji wa mitutu mpaka nilipouliza kwa nini madirisha yamepigwa misumari wakati watu wanavuta moshi wa lehemu. Nikaonyeshwa geti. Nakumbuka shati alilovaa bosi siku ile, nakumbuka kwamba alikuwa anachokonoa meno. Mambo kama hayo mimi siyatupi.

Basi siku moja mchana kaka aliipatanisha mitutu iliyomsumbua muda mrefu. Matundu mawili yakakaa pamoja kama macho ya bundi. Aligeuka kwa wenzake huku anacheka, halafu akauliza, "Nani kazima taa upande huu?" Watu wakadhani ni mzaha wake wa kawaida. Jua lilikuwa la utosi.

Daktari wa macho alitueleza polepole. Teke la bunduki linatikisa kichwa, kichwa kinatikisa jicho, na ule utando wa nyuma ya jicho unachanika. La kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilikuwa limeanza kuchanika pembeni, akalishika kwa mwanga wake wa kuchomea, kama mtu anayepiga nguo mshono wa haraka.

"Bunduki basi," daktari alisema. "Teke moja tu linaweza kulimaliza hili lililobaki."

Shemeji aliuliza, "Hata dogo?"

"Hata dogo, mama."

Nilitoka pale moja kwa moja hadi getini. Nilipanda juu ya pipa na kusema niliyoyabeba miaka yote. Kwamba mwili wa fundi ni wa fundi, bosi amenunua saa zake, hakununua macho yake. Kwamba kuna mtu ndani ya bunduki zile zinazotundikwa ukutani. Mafundi walitoka mmoja mmoja, mikono myeusi, wakakaa chini kwenye kivuli cha ukuta. Kazi ikalala. Bosi alikuja na gari lake, akashusha kioo nusu.

"Redio, wewe si mfanyakazi wangu."

"Mimi ni ndugu wa jicho ulilolichukua."

"Hakuna aliyemlazimisha."

"Na hakuna aliyemzuia!"

Wateja walikuwa wanasubiri bunduki zao, msimu wa kuwinda ulikuwa unakaribia, na bosi si mjinga. Kabla ya jua kuzama alikubali. Bega hatafyatua tena. Atakaa kwenye meza ya mbao, atachonga vitako vya bunduki, ujira wake ule ule. Mafundi walinibeba mabegani. Nawaambia kweli, sikuwahi kushinda kitu kabla ya siku ile, na nilikimbia kwenda kwa kaka kama mtoto aliyefaulu.

Alikuwa sebuleni, kitambaa kwenye jicho. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alikutuma?"

"Kaka, tumekuokoa."

"Nimekuuliza nani alikutuma." Hakupandisha sauti. "Umeninyang'anya kazi yangu, umenipa patasi. Nichonge mbao nisikilize wengine wakifyatua?"

"Ubaki unaona!"

"Nione nini?" aliuliza. Shemeji, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi, aligeuka akarudi uani. Kaka alimsikia akiondoka. Nilimwona amesikia. Hata hivyo hakulirudisha lile neno.

Akaenda kwenye meza ya mbao. Alichonga vitako vizuri sana, kwa jicho moja, na alikuwa haongei. Kulikuwa na bunduki moja aliyoiacha katikati alipougua, kubwa kupita zote alizowahi kushika, na mitutu yake bado ilikuwa inagombana. Fundi mwingine alipewa akashindwa. Bosi akasema ataipeleka ng'ambo ikamaliziwe huko. Alilisema hilo mbele ya meza ya kaka, tena akalirudia. Na funguo za uwanja, ambazo kaka alikuwa nazo tangu zamani, hakumwomba azirudishe. Mimi hilo nimelishika. Bosi hakutoa amri yoyote. Aliacha tu mlango bila kuufunga, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi, karakana imefungwa, shemeji alinipigia simu. "Kaka yako kaniambia anakwenda kunyolewa. Kinyozi anasema hajamwona."

Nilifika karakanani nimekatika pumzi. Mlinzi alinifungulia huku anaangalia chini. Kaka alikuwa uwanjani, kwenye mlingoti wa mbao aliokuwa akiegemea akifyatua, anapuliza lehemu ipoe. Bunduki ilikuwa juu ya meza, imetandikiwa kitambaa.

"Nilijua utakuja," alisema. "Sijafyatua bado. Nimesogeza kabari tu."

"Weka chini twende nyumbani."

"Kaa kidogo. Wewe umeongea maisha yako yote, leo nisikilize mimi." Alipitisha kiganja juu ya kitako. "Unajua mimi nimeitwaje tangu nizaliwe? We fundi njoo. We fundi ngoja. Hata mahakamani, hata hospitali, ngoja. Nikiiweka hii begani, ni mimi ninayengojwa. Hata ndege kwenye ukuta ule wananyamaza. Halafu ikilia, mdogo wangu... sijui niseme vipi. Inapita katikati yangu. Meno yanagongana, kifua kinajaa, na kichwani hakubaki mtu. Bosi hayupo, wewe hupo. Niko peke yangu na ni mzima. Watu wenye mali wanalinunua hilo. Mimi nililipata bure."

"Bure? Jicho ni bure?"

"Usinikate."

Nilishika mitutu. Hakuninyang'anya. "Nitafyatua mimi," nilisema. "Niambie nisimame vipi."

Alinitazama kwa jicho lake moja, akacheka kidogo. Akanipanga kama anavyompanga mwanafunzi: mguu huu nyuma, shavu kwenye mbao, usiiogope, usiikumbatie pia. Ilikuwa nzito kama mtoto aliyelala. Ilinuka mafuta na moshi. Nilivuta kifyatulio.

Sitasema uongo kwa ajili ya msimamo wangu. Nimepiga kelele miaka yote mbele ya mageti na maofisi, na hakuna hata siku moja kitu kilichotikisika. Pale ukuta ulitikisika. Udongo wa tuta uliruka juu. Bega liliwaka moto, nikayumba, na kabla sijajua nilikuwa nataka kuvuta tena, na nikavuta, na nilikuwa nacheka.

"Umeona?" kaka alisema taratibu.

Alikwenda kwenye karatasi, akarudi anatikisa kichwa. Tundu moja juu, jingine chini kabisa, kama watu waliokosana. "Si makosa yako. Imezoeshwa bega langu. Kwako inaruka vingine."

"Basi iende ng'ambo. Waianze upya na bega la huko."

"Hii nimeitoa kwenye chuma kitupu. Imebaki hivi." Alionyesha ncha ya kucha.

"Na shemeji? Utamwambia nini?"

Aliifungua bunduki, akatoa maganda, akaingiza risasi mbili mpya. "Yeye ananijua," alisema.

"Kaka, nakuomba. Nitakupigia magoti."

"Ukininyang'anya leo nitarudi Jumatatu. Utanilinda mpaka lini? Si wewe uliyesema mwili wa fundi ni wa fundi?"

Nimetafuta jibu la swali hilo tangu siku ile. Nimesoma vitabu kwa kuungaunga, peke yangu, sijalikuta. Ningeweza kumrukia. Nina nguvu kumshinda. Nilibaki nimesimama na mikono inaning'inia, na yeye akajiegemeza kwenye mlingoti, akaweka shavu lake, na kweli ndege wakanyamaza.

Wa kulia. Halafu, polepole, wa kushoto.

Sikuangalia shabaha. Nilimwangalia yeye. Alibaki ameshikilia bunduki, anapepesa. Kisha akaitafuta meza kwa kupapasa, akaikuta, akailaza bunduki juu ya kitambaa.

"Nenda kaangalie," alisema.

Siku zote alikwenda mwenyewe. Hakuna fundi wa kazi hii anayemtuma mtu akamsomee karatasi yake.

"Twende wote, kaka."

"Nenda wewe."

Nilikwenda. Niliibandua karatasi, nikarudi nayo. Alikuwa amegeuza uso kwenye ukuta mtupu, akidhani ninatokea huko.

"Zimekaa pamoja?"

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka bunduki ile itupwe, iyeyushwe, tajiri wake asiipate, na kaka asiwe ametoa jicho lililobaki kwa ajili ya matundu mawili. Neno lilifika mdomoni. Badala yake nilimshika kifundo cha mkono, nikaupeleka mkono wake kwenye karatasi. Kidole chake kililikuta tundu la kwanza, kikatembea, kikaingia la pili bila kunyanyuka.

"Ehe," alisema.

Hakukitoa kidole pale. Nami sikumwachia mkono. Huko getini nilimsikia shemeji akimuuliza mlinzi tumepita wapi, halafu viatu vyake kwenye sakafu ya karakana, vikija.