Benchi la Fundi Othmani

Mwalimu Ambrosi alikuwa na wivu, na tusimsitiri. Wivu wenyewe si wa mke, ni wa mtoto wake wa kumzaa. Liberatus alipofeli mtihani wa darasa la nane, mwaka ule wa hamsini na sita, alijilaza kitandani miezi saba. Shamba haendi, kanisani haendi, akiulizwa anatazama ukuta. Baba mtu akatumia dawa anazozijua: mahubiri, kisha fimbo. Wapi!

Halafu, hebu sikia vituko, kijana akainuka kwenda kukaa barazani kwa Othmani, fundi cherehani wa sokoni Iringa, Mswahili wa Kilwa asiyejua hata mlango wa shule ya serikali. Akarudi anakula. Akarudi anacheka! Wenzake watano waliofeli naye, waliokuwa wakishinda kwenye pombe, nao wako huko huko. Eti wanajifunza falsafa. Falsafa, kwa mshona kanzu!

“Miaka ishirini nashika chaki,” Ambrosi alimfokea mkewe, Apolonia, “leo mwanangu akafufuliwe na mshona vifungo?”

“Si amefufuka lakini?” Apolonia akajibu, akaendelea kuchambua mboga.

Jumamosi mchana Ambrosi akavaa koti, akashuka sokoni kumtoa mwanawe kwa nguvu. Alimkuta Liberatus anazungumza, mikono inapaa, wenzake wamemkazia macho. Sauti ile hakuwa ameisikia nyumbani mwaka mzima. Roho ilimuuma jamani, nusura alie.

“Kamwene, mwalimu,” fundi alimsalimu kwa Kihehe chake cha kuokoteza, mguu haujatoka kwenye cherehani. “Karibu benchi. Ila desturi yetu hapa, anayekaa huanza kwa kutaja jambo moja asilolijua. Mwanao alianza na hili: kama karatasi ya mtihani inaweza kumjua mtu. Tuko nalo mwezi wa pili sasa.”

Asilolijua! Mwalimu mzima, mbele ya watoto aliowafundisha! Ambrosi akafungua kinywa atukane. Vijana wakamngoja kwa heshima, kama walivyomngoja kila mtu pale. Kungojwa kule ndiko kulikomshinda.

“Sijui,” akasema, sauti imempwaya, “kwa nini mwanangu anasema na wewe, fundi, na mimi hasemi.”

Othmani alimgeukia Liberatus.

“Kwa sababu nyumbani kila swali lina jibu lako tayari, baba,” Liberatus akasema taratibu. “Miezi yote ile nililala na swali moja tu: kama nimefeli, mimi bado ni mwanao? Niliogopa kukuuliza, usije ukanijibu.”

Cherehani ikasimama. Ambrosi akaketi mwishoni mwa benchi, koti lake limemkaa upande.

“Niulize sasa,” akasema.

Liberatus akamtazama kwanza fundi. Hata hilo lilimchoma Ambrosi, lilimchoma kweli kweli, lakini alingoja.