Mwanamke wa Kioo cha Mchezo

Mwaka ule wa sabini na saba malori yalijaa Malaba, na Omagor, mwenye baa, akanunua mashine kuukuu ya mchezo, ile ya kurusha gololi ya chuma kwa vibonye viwili huku taa zikiwaka. Kioo chake cha mbele, chenye picha, kilivunjika njiani. Akamwita Wilkista, fundi wa mabango.

"Dada, kwa kioo chora msichana, hana nguo. Hiyo ni ya madereva. Halafu kwa ukuta wa nje, upande wa soko, chora huyo huyo na kitambaa kwa kichwa, amebeba mtoto. Wamama wasiogope."

"Na hiyo mashine, yeye anaicheza saa ngapi?"

"Ai! Huyo ni wa kuangaliwa tu. Ukinifurahisha, hoteli yangu mpya ya Busia mabango yote ni yako. Ukiniharibia, rudi kwa madigadi za lori."

Wilkista aliitaka kazi ya Busia kwa roho yote. Miaka minne alikuwa akiandika majina kwenye malori, amechuchumaa kwenye vumbi la foleni ya forodha, na magoti yalikuwa yamechoka. Lakini picha hiyo ilimuudhi. Asubuhi ile ile alikuwa amevijaribu vile vibonye, na gololi ilipogonga kengele alicheka peke yake kama mwehu. Mbona mwanamke wa kioo anyimwe raha hiyo?

Kioo hupakwa rangi kwa nyuma, tena kwa kuanzia na vitu vya mbele: mboni, vifungo na maua ya gauni kwanza, kisha gauni, na mwili mwisho kabisa, nao hulifunika gauni kwa upande wa nyuma. Omagor alikuwa Tororo siku mbili za mwanzo. Aliporudi alichungulia mgongo wa kioo, akaona umbo la kahawia tupu kutoka bega hadi paja. Akasugua viganja, akaenda zake. Wilkista akaendelea kupaka kahawia. Liwalo na liwe, alijiambia, bila kuamini hata kidogo.

Ijumaa mchana kioo kikafungwa kwenye mashine na taa zikawashwa mbele ya madereva. Mwanamke alisimama na gauni lake la maua, kidole kwenye kibonye, macho yakiifuata gololi, meno yote nje.

"Nilisema hana nguo!" Omagor akafoka.

"Hana, mzee. Si uliona mwenyewe? Gauni liko mbele yake tu."

Madereva wakaangua kicheko. Omagor hakucheka, aliagiza kisu cha kukwangulia rangi.

Gaudencia, muuza omena kutoka Sio Port, kando ya ziwa, alikuwa ameleta samaki wa jikoni. Kwa kawaida havuki mlango wa baa. Siku hiyo alikitazama kioo, akaweka ungo chini, akaingia.

"Kumbe hii kitu hata sisi tunacheza?"

Hakungoja jibu. Gololi ya kwanza ilimponyoka. Ya pili iligonga kengele mara saba, na Kiprono, dereva aliyekuwa akimcheka, akasogea karibu.

"Mama, toka nikuonyeshe."

"Panga laini, boss."

Wanawake wawili wa sokoni wakaingia, wakapanga mstari nyuma yake. Madereva nao wakapanga nyuma yao, wakinung'unika lakini wakipanga. Omagor, kisu mkononi, aliwahesabu waliopanga, kila mmoja na sarafu yake, kisha akakirudisha kisu jikoni.

"Mchore huyu huyu hata upande wa soko," alisema alipotoka, akikwepa macho ya Wilkista. "Na Jumatatu twende Busia upime kuta."

Wilkista, ambaye naye alikuwa amepanga, alijawa na furaha, lakini hakutoka kwenye mstari.

"Nimesikia, mzee. Ngoja kidogo, zamu yangu imefika."